Mwenye Sinia Hasimuliwi: Soga za Vitamutamu vya Utotoni Mwembe Tayari

Utangulizi

Makala haya yanashughulikia masimulizi ambayo katika uhakiki wetu wa fasihi simulizi bado hayana jina linalokubalika, ijapokuwa hakuna aliyekulia katika kisiwa cha Mombasa asiyeyafahamu. Ni yale mazungumzo ya watu wazima barazani, aghalabu baada ya sala ya Alasiri au ya Isha, ambapo mmoja huanza kwa swali, "Wakumbuka...?", kisha hutaja kitu alichozoea kukila alipokuwa mtoto: mabuyu, gubiti, achari za embe, kashata za nazi, labania, ladu. Mwenziwe huongeza chake. Wa tatu humsahihisha wa kwanza. Na punde baraza zima huwa limeingia. Hapa tutayaita soga za vitamutamu. Neno soga halikuchaguliwa kwa dharau. Limechaguliwa kwa kuwa linabeba fikra ya mazungumzo yasiyo na mwenyewe mmoja, jambo ambalo, kama tutakavyoona, ndilo msingi wa fani yake.

Hoja yetu ni kwamba soga hizi ni utanzu wenye kunga zake, na kwamba, kama ulivyo utanzu wowote ule, zina lile ziwezalo kulisema na lile zisiloliweza. Wanafunzi wetu wa uzamili huzikabili kwa njia mbili ambazo haziridhishi. Wako wanaoziona kuwa ni porojo tu za wazee waliochoshwa na bei ya unga, wala hazistahili kuingizwa katika tasnifu. Na wako wengine, hasa waliokwisha kuonja nadharia, ambao mara wasikiapo habari ya kitamu na kumbukumbu humkimbilia Marcel Proust na keki yake iliyochovywa katika chai, kana kwamba tangu mwaka 1913 hapana mtu aliyepata kukumbuka kwa ulimi ila kwa idhini yake. Wa kwanza hawasikilizi. Wa pili wanasikiliza sauti nyingine.

Tumeichagua Mwembe Tayari kwa sababu mtaa huu haukupata kuwa makao ya utulivu. Mapokeo ya mji hulihusisha jina lake na misafara ya bara: chini ya mwembe uliokuwapo hapo watu na mizigo walikusanywa hadi safari ikawa tayari. Jirani yake imesimama sanamu ya askari wa Kiafrika waliopiganishwa katika vita vya 1914–1918, nao ni watu wa safari vilevile. Baadaye pakawa mahali pa soko na pa mabasi ya Nairobi. Upande mmoja kuna njia ya kuteremkia Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu, yaani Mji wa Kale. Upande mwingine Majengo. Kwa hiyo mtoto wa hapa hakulelewa na vitamutamu vya jadi moja. Halua na kaimati zilikuja na Ramadhani na arusi. Ladu na jalebi zilitoka katika maduka ya Wahindi. PK, Big G na peremende za rangi zilitoka viwandani. Mabuyu na kashata zilitoka uani kwa jirani. Anayesema kwamba vitamutamu vya utotoni ni urithi safi wa Waswahili anazungumzia mtaa mwingine.

Kunga za soga

Tutunge mfano mfupi ili kunga zionekane. Maneno ni yetu, lakini mpangilio wake ni ule unaosikika kila siku.

— Wakumbuka mabuyu ya kufungwa kwa gazeti?
— Yale yakikuwacha ulimi mwekundu hata jioni!
— Jioni? Mimi mamangu alinijua kwa huo ulimi. Nimetumwa chumvi, nimerudi na robo ya chumvi.
— Na gubiti je?
— Gubiti usinambie. Gubiti ile ilikuwa gubiti. Hizi za sasa ni sukari tu.

Swali la kwanza si swali la kutaka habari. Kila aliyeketi anajua mabuyu ni nini. Kazi yake ni ile ya mtegaji anapotamka "Kitendawili!": linafungua uwanja na kuomba idhini. Jibu nalo halisemi "ndiyo, nakumbuka". Linatoa kithibitisho, nacho sharti kiwe cha mwili. Ulimi mwekundu ni hati ya uraia. Mtu asiyeweza kutaja rangi iliyobaki, ukakasi wa mbegu iliyokwisha kumumunywa, au namna gubiti ilivyonata katika jino la nyuma, hushukiwa kuwa alikuja mjini ukubwani. Kauli ya tatu ni kisa, tena kisa cha kosa dogo na mzazi aliyegundua. Visa hivi hufanana mno, na hadhira hufurahia kufanana huko. Ya mwisho ni hukumu, nayo huja kwa takriri isiyojadilika: gubiti ile ilikuwa gubiti.

Wasomi wa mantiki watalalamika kwamba hukumu hiyo haina maana, na kwamba hizo za zamani nazo zilikuwa sukari tu. Ni kweli. Lakini takriri hii haikusudii kuarifu. Inafunga mlango. Inamwambia msikilizaji kijana kwamba kipimo kinachotumika hakimo mikononi mwake, wala hakitakuwamo. Kwa hiyo nyuma ya ucheshi wa soga hizi mna kiasi cha mabavu, na mhakiki asiyeyaona atazisifu kupita kiasi.

Sarafu ndizo kalenda ya soga. Msimulizi hasemi "mwaka 1987". Husema "mabuyu ya ndururu", "kashata ya peni", "barafu ya sumuni", na kila anayejua kwamba ndururu ilikuwa senti 5, peni senti 10 na sumuni senti 50 ameshapewa tarehe. Anayekumbuka sarafu yenye tundu katikati, ile ya Afrika Mashariki iliyotumika kabla ya Kenya kuwa na fedha zake, amejitangaza kuwa mkubwa wa baraza, na wengine humwachia nafasi ya kusema. Hii ni mbinu ya usimulizi iliyo bora kuliko tarehe zilizotapakaa katika riwaya zetu nyingi za kihistoria, kwa maana inataja wakati na uwezo wa mtoto kwa neno moja.

Sasa tunaweza kueleza kwa nini Proust hatufai sana. Kumbukumbu yake humjia mtu pekee, ghafla, bila kuitwa. Ladha ndiyo inayozindua, na neno hufuata kwa taabu kurasa nyingi baadaye. Barazani mambo ni kinyume. Hakuna aliyetia kitu mdomoni ndipo akakumbuka. Neno ndilo linalotangulia, tena neno lililotupwa kwa makusudi, na ladha huitwa na jina. Kumbukumbu hii ni ya hiari, ya pamoja na ya mashindano. Ina asili moja na kujibizana kwa malenga kuliko na upweke wa mgonjwa chumbani.

Kitu kisichopotea

Hapa pana jambo ambalo linashangaza kila tunapolitafakari. Muuza kahawa hupita na dele lake la shaba, akigonganisha vikombe ili watu wajue amefika. Wazee hununua kahawa tungu, na pamoja nayo hununua kashata. Kisha, huku wakiimung'unya, husema kwa masikitiko kwamba kashata zimekwisha duniani.

Tusifanye haraka kucheka. Mjadala wa kitaaluma juu ya tamanio la yaliyopita umejengwa juu ya kutokuwapo. Neno lenyewe la Kizungu lilibuniwa na tabibu Johannes Hofer mwaka 1688 kuutaja ugonjwa wa watu waliokuwa mbali na kwao, na Svetlana Boym, katika kitabu chake cha mwaka 2001, amepambanua tamanio linalotaka kuirejesha nyumba iliyobomoka na lile linalokaa na kuutafakari ubomokaji wenyewe. Katika hali zote mbili nyumba haipo. Sisi tunao watu ambao hawakuhama, wameketi mtaa uleule, na kitu wanachokililia kimo katika sinia mbele yao kwa bei wanayoimudu. Kashata haijapotea. Mabuyu hayajapotea, tena yamestawi, yanauzwa kwa wasafiri yakiwa na jina la Mombasa, na hupelekwa Nairobi kwa mabasi hayohayo ya Mwembe Tayari. Lililobadilika ni vitu vya pembeni: gazeti lilipisha mfuko wa plastiki, na mfuko huo nao ulipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017.

Kama kitu kipo, basi kinacholiliwa si kitu. Kiswahili chenyewe kinatupa dokezo. Hatuna neno moja la tamanio hili. Tuna hamu, shauku, ukiwa na upweke, na maneno haya karibu yote huelekea kwa mtu. Mtu huwa na hamu ya mamake. Akisema ana hamu ya kashata, maana yake anataka kuila sasa, na jambo hilo halina huzuni yoyote. Tunapendekeza kwamba soga za vitamutamu zinaomboleza uhusiano: kuwako kwa mkono uliokuwa ukitoa na mkono uliokuwa ukipokea. Mzee aliyenunua kashata kwa fedha yake mwenyewe amekosa kitu kimoja tu, nacho ni kupewa. Hapana shaka ndiyo maana visa vya soga vimejaa baba anayerudi kazini bandarini, nyanya anayefungua pindo la kanga palipofundikwa sarafu, na ami anayekuja na mfuko wa karatasi siku ya Idi. Methali isemayo mkono mtupu haulambwi huifahamu siri hii vizuri kuliko vitabu vingi vya nadharia: kinacholambwa ni mkono.

Pana wanaodai kwamba thamani ya soga hizi imo katika msamiati. Marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017) alitumia umri wake kuyaokoa maneno ya pwani, na utungo wake Umbuji wa Mnazi (1985) unaonyesha jinsi ushairi unavyoweza kuwa ghala ya majina ya mti mmoja na mazao yake. Tunaiheshimu kazi hiyo. Lakini soga hazitunzi majina kwa namna ile. Ghala la Nabhany limepangwa. Aingiaye asijue hutoka akijua. Soga humdhania msikilizaji kuwa anajua tayari, na asiyejua hapewi ufafanuzi, hupewa kicheko. Ukimwuliza msimulizi gubiti hutengenezwaje, atakuambia ilikuwa tamu. Kwa hiyo anayetaka kukusanya msamiati barazani atarudi na orodha ndefu ya nomino na vitenzi vichache mno: kula, kumumunya, kulamba, kununua, kuiba. Kukuna, kukoroga, kumwaga, kusawazisha na kukata havimo. Upungufu huu wa vitenzi si wa bahati mbaya, nasi tutaufuata.

Mnunuzi na mwuzaji

Yafaa ielezwe kwamba mwandishi wa makala haya alikulia Mwembe Tayari katika nyumba ambamo kashata zilipikwa kwa ajili ya kuuzwa, na kwamba yeye na nduguze ndio waliozitembeza. Jambo hili linatajwa kwa kuwa bila hilo huenda swali linalofuata lisingeulizwa.

Katika soga za vitamutamu msimulizi ni mnunuzi daima. Yeye ndiye mtoto mwenye ndururu mkononi, ndiye anayekimbia, ndiye anayekamatwa na ulimi mwekundu. Upande wa pili wa biashara hiyo alisimama mtu, na mara nyingi mno mtu huyo alikuwa mtoto wa umri uleule, sinia kichwani, kitambaa juu ya kashata kuzuia nzi. Mtoto huyo haonekani. Sauti yake ikisikika, husikika kama wito tu, ambao wasimulizi hupenda kuuigiza kwa kuuvuta mwishoni, na hadhira hucheka. Anakuwa sehemu ya mandhari, pamoja na mwembe na mabasi. Wala si kwamba hakuwapo barazani: katika baraza la watu kumi wa mtaa wetu yamkini watatu walibeba sinia. Lakini wakati wa soga ufikapo, nao pia husimulia kama wanunuzi. Utanzu hauwapi nafasi nyingine ya kusimama. Hili ndilo tunalomaanisha tunaposema kwamba utanzu una lile usiloweza kulisema: si usahaulifu wa mtu mmoja, ni kanuni ya fani.

Kumbukumbu ya mwuzaji imejengwa tofauti kabisa. Kwanza, inaanza usiku. Nazi hukunwa, sukari hupimwa, iliki hupondwa. Mchanganyiko hukorogwa mfululizo juu ya moto mpaka ushikane, kisha humwagwa ubaoni, husawazishwa na kukatwa mshazari ungali moto, kwa kuwa ukishapoa haukatiki, huvunjika, na iliyovunjika haiuziki kwa bei yake. Vitenzi vyote vilivyokosekana barazani vimo hapa. Pili, ni kumbukumbu ya hesabu. Mtoto aliondoka na idadi na akarudi na idadi, na tofauti kati yake ilikuwa fedha ambayo ilibidi itimie. Tatu, na hili ndilo zito, mwuzaji haijui ladha ya kashata kwa njia ya mnunuzi. Alilamba makoko ya sufuria, ndiyo. Lakini kashata nzima, yenye pembe zake, aliila siku moja tu ya namna yake: siku ambayo mvua ilinyesha, au shule zilikuwa zimefungwa, au mwenzake alitangulia njia, na sinia likarudi halikumalizika. Mabaki yaligawanywa kwa watoto wa nyumbani. Kwake yeye utamu ulikuja siku ya hasara, mbele ya uso wa mama aliyekuwa akihesabu.

Mtu huyu hawezi kusema "Wakumbuka...?" kwa sauti ileile. Swali lililofungua jioni zake lilikuwa jingine: "Zimebaki ngapi?"

Nyuma ya mtoto mwenye sinia yuko mpishi, na nyuma ya mpishi iko sukari. Soga huichukulia sukari kama maji ya mvua. Kumbe Sidney Mintz, katika kitabu chake cha mwaka 1985, ameonyesha jinsi utamu wa meza za Uingereza ulivyosimama juu ya watumwa wa mashamba ya Karibi, na pwani yetu ina sura yake ya habari hiyo: katika karne ya 19 mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalilimwa na watumwa. Karibu zaidi na siku zetu, kiwanda cha sukari cha Ramisi, kusini mwa Mombasa, kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka michache baadaye Kenya ikakumbwa na mfumuko mkali wa bei uliofikia kilele chake mwaka 1993. Mnunuzi anaukumbuka wakati huo kwa kusema kwamba kashata zilikuwa ndogo. Mpishi anaukumbuka kwa kujua kwa nini alizipunguza, na kwa upana gani wa kisu. Kauli hizi mbili zinazungumzia kashata moja, nasi tumezoea kuihesabu ile ya kwanza kuwa fasihi na ya pili kuwa habari za uchumi.

Sarafu ya Aziz

Je, fasihi andishi imefanya vizuri zaidi? Kwa jumla hapana. Utoto katika riwaya nyingi za Kiswahili una mateso mengi na vitamutamu vichache, na pale vinapotokea huwa vya kupamba tu. Lakini upo mfano mmoja ambao unastahili kusomwa sambamba na soga, nao ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis (2022) ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Kwamba kazi hii ilisubiri karibu miongo mitatu, na hata tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, kabla ya kusomeka kwa lugha ambayo wahusika wake wanaizungumza, ni jambo la kutufedhehesha sote, lakini hilo si shauri la leo.

Mwanzoni mwa riwaya Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili, ana kila alama ya mtoto wa soga zetu. Anamngojea Aziz, mfanyabiashara wa misafara ambaye anamdhania kuwa ndugu ya wazazi wake. Ujio wa mgeni huyu humaanisha vyakula vya pekee ambavyo nyumba haivipiki siku nyingine, na kila aondokapo humwachia mtoto sarafu ya ana kumi. Mkono unatoa, mkono unapokea. Msomaji aliyelelewa barazani anastarehe. Anajua kisa hiki kitakwenda wapi. Haendi huko. Yusuf anachukuliwa, na dukani pwani, kutoka kwa Khalil, anajifunza kwamba Aziz si wa ukoo wake na kwamba yeye ni rehani ya deni la baba yake.

Ustadi wa Gurnah ni kwamba haifuti furaha ya sarafu ile. Angeweza kumfanya mtoto ahisi tangu mwanzo uchungu ndani ya utamu, kama wafanyavyo waandishi wanaotaka tuwasifu kwa kuona mbali. Hakufanya hivyo. Furaha inabaki kuwa furaha, na maana yake inabadilika nyuma yake, katika hesabu za watu wazima ambazo mtoto hakuonyeshwa. Hapo ndipo Peponi inapofanya lile ambalo soga haziwezi: inauuliza mkono uliotoa ulikuwa ukipata nini. Na inatukumbusha kwamba utoaji na deni vilikaa katika nyumba moja, katika uchumi uleule wa misafara ulioipa Mwembe Tayari jina lake.

Hata hivyo tusiipe riwaya ushindi wote. Yusuf naye ni mpokeaji. Tunavisikia vyakula vinavyoandaliwa kwa ajili ya mgeni kupitia pua na tumbo la mvulana, na waliovipika tunawaona kwa mbali. Katika suala hili Gurnah na baraza wanakutana. Simulizi ya kale ya Fumo Liongo ilikuwa na busara kubwa zaidi: ndani yake mkate wa wishwa unaopelekwa gerezani una tupa iliyofichwa na aliyeuoka, na walinzi wanaupitisha kwa kuwa wao hujichukulia vizuri tu. Kisa kizima kinategemea kwamba hakuna anayemfikiria mpishi.

Uani

Itaulizwa, basi, kama kumbukumbu ya mwuzaji na ya mpishi ipo popote kama fani, au ni madai yetu tu. Ipo, lakini si barazani, na mtafiti mwanamume aliyekwenda na kinasa sauti chake kwa wazee wa kahawa hakuwa na njia ya kuikuta. Iko uani, na majira yake ni Ramadhani, alasiri, wakati kaimati zinapotoswa katika mafuta na shira inachemka pembeni. Wanawake waliopika kwa kuuza, na mabinti zao waliotembeza, husimulia wakiwa kazini, na masimulizi yao hayana "Wakumbuka...?" kwa sababu kinachokumbukwa kinafanywa papo hapo na mikono ileile. Badala ya swali huja amri: ongeza iliki, punguza moto, usiache kukoroga. Kisa huingia katikati ya amri mbili na kukatwa nayo. Fulani alikuwa akikata zake nyembamba; mwaka ule wa sukari tulichanganya sukari guru na watu hawakujua; mwanangu huyu alirudi analia, sinia limepinduliwa na mkokoteni pale sokoni, kashata zote chini.

Fani hii ni ngumu kunukuu. Ukiziondoa amri, visa vinabaki vifupi mno na havina kilele; ukiziacha, mhariri atakuuliza kwa nini kuna mapishi katikati ya makala ya fasihi. Tunadhani amri ni sehemu ya fani kama vile kiitikio kilivyo sehemu ya wimbo, na kwamba mwanafunzi atakayeziandika soga za uani hana budi kuziandika pamoja na muda: amri hii ilitolewa shira ikiwa katika hali gani, kisa kilikatwa moto ulipofanya nini. Atahitaji pia kujua kukoroga, maana hakuna atakayeachiwa kukaa uani mikono mitupu akisikiliza.

Kisa cha mkokoteni kina mwisho ambao hutofautiana kwa kila asimuliaye. Wengine husema kashata ziliokotwa, zikafutwa mchanga na kuuzwa upande wa mabasi kwa wasafiri ambao wasingerudi kulalamika. Wengine husema zilihesabiwa zote, pamoja na zilizovunjika, na idadi haikutimia kwa tatu. Kwamba mama aliuliza hizo tatu ziko wapi, na mtoto, ambaye machozi yake yalikuwa ya kweli, akafumba mdomo wake vizuri.